Shikareti: Jina Lililopita Mexico, New York na Usumbura Kabla ya Kufika Kigwena

Basi dogo litokalo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac likipunguza mwendo pale Kigwena, wachuuzi hulikimbilia kabla halijasimama. Huyu ana ndizi mbivu, yule ana karanga, mwingine kashika boksi la kadibodi lililokatwa upande wa juu. Ndani ya boksi zimepangwa sigara za kuuzwa moja moja, biskuti, tishu, na upande mmoja vitu vya kutafuna vilivyofungwa kwa karatasi za rangi rangi. Abiria hunyoosha mkono dirishani na kusema neno moja: shikareti. Hataji kampuni, hataji ladha, wala hasemi anataka ya duara au ya bapa. Mchuuzi humpa iliyopo. Ikiwa imetengenezwa Nairobi ni shikareti, ikiwa imetoka Uturuki au China nayo ni shikareti.

Kigwena ipo kusini mwa mji wa Rumonge, katika tambarare ya Imbo, kati ya maji ya Ziwa Tanganyika na vilima vinavyopanda kuelekea Bururi. Wengi wanaijua kwa msitu wake wa hifadhi, kipande kilichosalia cha misitu ya bondeni iliyokuwa ikifuata ufuo huu, na kwa michikichi iliyouzunguka pande zote. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya mwalo, ya msikitini na ya barabarani, kama kilivyo Rumonge mjini na katika mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura. Kifaransa ni cha darasani na ofisini.

Neno shikareti si la lugha hata moja kati ya hizo tatu. Limetoka kwenye jina la pipi moja ya Marekani, Chiclets, na Wamarekani wenyewe walilipata jina hilo kutoka kwenye mti wa Mexico. Ukilifuata neno hili nyuma, kituo baada ya kituo, utaona jinsi bidhaa zilivyoingia katika ufuo huu wa Burundi, nani alizileta, na nani alikuwa na neno la mwisho juu ya kuziita nini. Aliyekuwa na neno la mwisho hakuwa mwenye kiwanda.

Utomvu wa mzapota

Katika misitu ya Yucatán, kusini mwa Mexico, na kwa majirani zake Guatemala na Belize, kuna mti uitwao mzapota, au kwa jina la wataalamu Manilkara zapota. Ukiukata gome hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Wamaya waliuchemsha, ukaganda, wakautafuna. Waazteki nao walikuwa na kitafunwa chao, na kwa lugha yao ya Kinahuatl walikiita tzictli. Wahispania walipofika waliligeuza neno hilo likawa chicle.

Padri Mfransisko Bernardino de Sahagún, aliyeishi Mexico katika karne ya 16 na kuandika kwa kirefu maisha ya Waazteki, alieleza hata adabu za kutafuna. Wasichana ambao hawajaolewa waliweza kutafuna hadharani. Wanawake walioolewa walitafuna ndani ya nyumba zao. Mwanamume aliyetafuna mbele za watu alionekana hana haya. Mzee wa Rumonge anayemkemea kijana kwa kutafuna shikareti huku akisalimia wakubwa hana habari za Sahagún, lakini wangeelewana haraka.

Katika miaka ya 1860, Antonio López de Santa Anna, jenerali aliyekuwa rais wa Mexico mara kadhaa, aliishi uhamishoni Staten Island, New York. Alikuwa na chicle, na alikuwa na ndoto ya kuiuza kama mbadala wa mpira wa magurudumu. Mtu aliyehangaika na jaribio hilo ni Thomas Adams, Mmarekani mwenye mikono ya ufundi. Aliichemsha, akaichanganya na vitu vingine, ikakataa kuwa mpira. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kile kile Wamaya walichokijua siku zote: kitu cha kutafuna. Adams akaanza kukiuza kwa senti moja moja, na Februari 1871 akapata hataza yake.

Mwaka huo huo, Novemba, Henry Morton Stanley na David Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini mpaka mdomo wa mto Rusizi. Walipita mbele ya nchi ambayo leo ni Rumonge. Makasia yalishikwa na watu wanaosema Kiswahili, na mali ya kulipia njia ilikuwa vitambaa na shanga, kila aina ikiitwa kwa jina lililotoka pwani. Shanga nyekundu zilikuwa samesame. Aliyekuja na aina isiyotakwa mahali fulani alirudi nayo. Wakati ule, majina ya bidhaa ufuoni hapa yalitoka Zanzibar na Bagamoyo, yakapanda na msafara kupitia Tabora na Ujiji.

Vidonge vya Philadelphia

Kwa miaka kama thelathini, Wamarekani walitafuna chicle iliyokatwa vipande au vijiti. Badiliko lilikuja mwaka 1900 hivi, mjini Philadelphia, kwa ndugu wawili wa ukoo wa Fleer, Frank na Henry. Watengeneza pipi walikuwa wamezoea kuzungusha lozi ndani ya sufuria kubwa huku wakizimiminia sukari iliyoyeyuka, mpaka kila lozi inavaa ganda jeupe, gumu, linalong'aa. Henry aliweka vipande vya chicle mahali pa lozi. Vikatoka vidonge vidogo vya pembe nne: nje sukari inayovunjika chini ya jino, ndani utomvu unaovutika.

Jina lilikuja bila kutafutwa mbali. Walichukua neno la malighafi, chicle, wakalipa mwisho ambao Kiingereza hutumia kuonyesha udogo. Ikawa Chiclets. Kiswahili kingefanya kazi hiyo hiyo kwa kuweka vi- mbele ya neno. Hakukuwa na hadithi ya mapenzi, wala jina la binti wa tajiri. Lilikuwa jina la kifundi, linalosema kilichomo ndani na ukubwa wake.

Kampuni ya Frank Fleer iliuzwa mwaka 1909 na ikawa Sen-Sen Chiclet. Mwaka 1914 ikamezwa na American Chicle, kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1899 kwa kuunganisha watengenezaji kadhaa, akiwamo Adams. Kutoka hapo vidonge vile vilisambaa Amerika yote, Mediterania, Mashariki ya Kati na Afrika. Na popote vilipofika, jina liliruka ukuta wa kampuni likawa neno la watu wote. Mbrazil anatafuna chiclete. Mturuki anatafuna çiklet. Mgiriki anatafuna tsichla, neno la shina hilo hilo.

Fleer hawakuishia hapo. Mwaka 1928, katika kampuni mpya ya ukoo huo, Walter Diemer, kijana wa miaka 23 aliyekuwa karani wa hesabu, alipata mchanganyiko unaopulizika ukatoa puto bila kung'ang'ania usoni. Rangi iliyokuwapo kiwandani siku ile ilikuwa ya waridi, akaitia. Ndiyo sababu mpaka leo pipi za kupuliza huwa za rangi ya waridi karibu kila mahali duniani, hata zile zinazouzwa chini ya michikichi ya Kigwena.

Kinywa cha Kirundi

Jina Chiclets lilivyo kwenye karatasi ya Kimarekani huanza kwa sauti ya ch, kama katika chai. Lakini Burundi, na Rwanda vilevile, watu wanaanza na sh. Sauti hiyo moja inatosha kuonyesha mlango lilimoingilia. Ni Kifaransa ambacho husoma herufi hizo mbili kama sh. Neno lilisomwa kwenye karatasi na mtu anayesoma Kifaransa, akalitamka dukani, na wateja wake wakalichukua kutoka kinywani mwake.

Baada ya hapo Kirundi kikafanya kazi yake. Kirundi hakipendi k na l zifuatane bila irabu katikati, na mahali pa l kina r. Hata ndagala, samaki wadogo ambao ndio maisha ya ufuo huu, kwa Kirundi huitwa indagara. Basi l ikawa r, irabu ikaingizwa kati yake na k, na mwisho wa neno ukafungwa kwa irabu kama ilivyo desturi ya lugha zetu. Ikatoka shikarete, au shikareti kwa wanaolisema kwa Kiswahili. Jina la Waazteki, Wahispania, Wamarekani na Wafaransa likawa la Warundi kabisa, kiasi kwamba wengi wanaolitumia hawajawahi kuona boksi la Chiclets maishani mwao.

Bombo ni jamaa yake. Ndivyo pipi ya kawaida inavyoitwa kwa Kirundi, kutoka bonbon ya Kifaransa. Wakenya walipotaka jina lao wenyewe walisema tamutamu, wakafuata hesabu ile ile ya Wafaransa ya kurudia neno mara mbili. Watanzania wana pipi. Na lipo neno peremende, ambalo kabla ya kuwa jina la kila tamu ya kumung'unya lilikuwa jina la Kiingereza la mnanaa wenye harufu kali.

Njia ya Belbase

Wabelgiji waliiteka Urundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaikalia mpaka uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Makao yao yalikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Lakini mizigo yao mingi kutoka Ulaya haikuwa na bandari ya karibu isipokuwa ya Waingereza. Mwaka 1921 Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana: Ubelgiji ikapewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Shehena ilishuka meli Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikavuka ziwa mpaka Usumbura.

Kwa hiyo bidhaa za Ulaya zilipita katika nchi ya Kiswahili tupu, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, zikabebwa na makuli wa Kiswahili na kupita majini mbele ya Rumonge, lakini hazikupewa majina huko. Zilikuwa ndani ya makasha. Makasha yalifunguliwa Usumbura, kwenye maduka ya Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi na Waarabu wa Omani, na huko ndiko zilikopata majina. Kisha zikateremka tena kusini, kidogo kidogo, kwa lori na kwa boti, mpaka maduka ya Rumonge na magenge ya Kigwena. Bidhaa imepita mlangoni ikiwa bubu, ikarudi inasema Kifaransa.

Ukilinganisha na zama za shanga, jambo lililobadilika ni mahali pa kufungulia mzigo. Msafara wa karne ya 19 ulifungua mzigo Ujiji, na majina yakawa ya pwani. Utawala wa Kibelgiji uliufungua Usumbura, na majina yakawa ya Kifaransa. Anayefungua kasha mbele ya mteja ndiye anayeipa bidhaa jina.

Ubani ulitangulia

Isidhaniwe kwamba watu wa ufuo huu walifundishwa kutafuna na Wamarekani. Waislamu wa pwani waliofanya biashara Ujiji, na waliofuata ufuo mpaka Rumonge na Usumbura, walikuja na ubani. Ubani bora hutoka Dhofar, kusini mwa Omani. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kufukizwa, lakini Waomani huutafuna pia, vipande vile vyeupe visivyo na vumbi, kusafisha kinywa na kutuliza tumbo. Kwa Kiarabu cha Misri, neno hilo hilo la asili ya ubani ndilo hutumika leo kwa shikareti za dukani, na katika Kiswahili cha pwani nako ubani umepata maana hiyo ya pili.

Hata wanazuoni wa fiqhi walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya Fleer. Swali lilikuwa la Ramadhani: mtu aliyefunga akitafuna kitu kama ubani au sandarusi, kitu kisichoyeyuka, saumu yake ina hali gani? Jibu lililozoeleka vitabuni ni kwamba kisipoyeyuka hata chembe saumu haivunjiki, lakini ni makuruhu. Shikareti ya leo imejaa sukari na ladha zinazoyeyuka na kumezwa, na hiyo inafunguza bila mjadala. Ndiyo maana biashara ya boksi la kadibodi katika mitaa ya Waislamu ya Rumonge hulala mchana wa Ramadhani, ikaamka baada ya adhana ya magharibi.

Na watoto wa shamba popote katika Afrika Mashariki wanaujua ulimbo: utomvu wa mitini au wa fenesi unaotafunwa mpaka ushikamane, kisha unapakwa kwenye kijiti kunasa ndege. Uwezo wa kutafuna utomvu ulikuwapo. Kilichoingia na shikareti ni sukari, karatasi, na jina.

Jojo ya uhamishoni

Safari nyingine ya majina haikuwa ya biashara. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kwenda Tanzania, ambako maelfu kwa maelfu ya Warundi waliishi makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawapeleka wengine kambi za Kigoma, mojawapo ikiwa Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012. Wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu wengine walirudi, hasa kuanzia mwaka 2008, na wengi wao walikuja kudai mashamba yao papa hapa, kusini mwa Imbo.

Walirudi na Kiswahili cha shule za Tanzania, na ndani yake maneno ya dukani. Mtoto aliyekulia Ulyankulu anasema pipi, si bombo. Kitafunwa kwake ni jojo, au bazoka, au bigijii, kutegemea alikulia miaka gani na duka lilikuwa na nini. Amefika Kigwena, ameomba jojo, na mwenye duka ameelewa papo hapo mambo mawili: anachotaka, na alikotoka.

Kwa muda, maneno kama hayo yalikuwa na uzito katika nchi ambayo waliobaki na waliorudi walikuwa wakigombania shamba moja. Kizazi cha sasa kimeyachanganya. Katika uwanja mmoja wa shule utasikia shikareti na jojo kwa kitu kile kile, kama vile katika mwalo mmoja utasikia mukeke kwa Mrundi na mgebuka kwa mvuvi wa Kigoma, na samaki ni yule yule.

Majina waliyotaka wenye viwanda

Kampuni hujitahidi sana kuchagua majina. Hans Riegel wa Ujerumani, mwaka 1920, alichukua mwanzo wa jina lake, wa jina la ukoo wake na wa mji wake, Bonn, akapata Haribo. Leo Hirschfeld wa New York aliita pipi yake ya kuvutika Tootsie Roll, na inaelezwa kwamba Tootsie ni jina la utani la binti yake Clara. Topps wa Brooklyn walitoa Bazooka mwaka 1947. Jina hilo awali lilikuwa la chombo cha muziki cha mabomba alichojitengenezea mchekeshaji Bob Burns, kabla askari hawajalipa bomba lao la kupigia vifaru. Ni jina lililochekesha Brooklyn. Katika nchi za Maziwa Makuu, watu wazima walilijua bazoka la askari, watoto wakalijua la dukani, na kila mmoja akabaki na lake.

Wrigley ana historia ndefu Afrika Mashariki. William Wrigley alianza Chicago mwaka 1891 akiuza sabuni. Ili wenye maduka wanunue, aliwapa zawadi ya unga wa hamira, na unga ulipopendwa kuliko sabuni akaanza kuuza unga na kutoa zawadi ya vitafunwa. Vitafunwa navyo vikapendwa kuliko unga, akaacha vingine vyote. Mwaka 1893 akatoa Juicy Fruit na Spearmint. PK ikafuata miaka ya 1920, na herufi hizo ndizo za mwanzo za jina la mwanawe, Philip Knight, ingawa kampuni ilipenda kuzipa tafsiri ya matangazo. Kiwanda cha Wrigley nchini Kenya ndicho kilichowalisha Waafrika Mashariki PK na Big G kwa miongo mingi, kabla ya kampuni kununuliwa na Mars mwaka 2008 na shughuli kuhamia kiwanda kipya Athi River.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na umoja wa forodha miaka miwili baadaye. Bidhaa za Nairobi zikapata njia nyepesi zaidi ya kufika Bujumbura, na za Dar es Salaam vilevile. Leo boksi la mchuuzi wa Kigwena linaweza kujaa karatasi zenye maandishi ya Kiingereza, zimebuniwa na wataalamu wa matangazo, zimesajiliwa kisheria. Zikishaingia ndani ya boksi zinapoteza majina yao yote, zinakuwa shikareti.

Chapa yenyewe ya Chiclets imebadilisha wenyewe kama mtumbwi wa kukodi. American Chicle ilinunuliwa na Warner-Lambert, kampuni ya dawa, mwaka 1962. Pfizer ikaichukua Warner-Lambert mwaka 2000. Cadbury ikanunua upande wa pipi mwaka 2003. Kraft ikaimeza Cadbury mwaka 2010, na mwaka 2012 biashara hiyo ikapewa jina Mondelez. Na chicle yenyewe imetoka kinywani: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda viliacha utomvu wa Yucatán vikahamia mpira wa kutengenezwa kwa mafuta ya petroli, kwa kuwa ni rahisi na haupungui msimu wa ukame. Neno linataja utomvu ambao haumo tena ndani ya kitu chenyewe, na linaendelea kufanya kazi.

Mafuta yetu ndani ya pipi za wengine

Shikareti haimezwi. Pipi laini ya kuvutika, ile ambayo Watanzania huiita tofi, humezwa, na ndani yake kuna jambo linalowahusu moja kwa moja watu wa Rumonge.

Tofauti ya pipi ngumu na pipi ya kutafuna ni moto na mafuta. Pipi ngumu huchemshwa mpaka karibu nyuzi 150, maji yakakaribia kuisha, ikapoa kama kioo. Pipi ya kutafuna huachwa kwenye nyuzi 120 hivi, ikabaki na maji kidogo, kisha hutiwa mafuta na kuvutwa na mashine tena na tena mpaka hewa iingie na rangi ififie. Mafuta ndiyo yanayoizuia kung'ang'ania meno. Kwa viwanda vingi duniani, mafuta hayo ni ya mawese au ya mbegu za mchikichi.

Rumonge ndiyo nchi ya michikichi ya Burundi. Kando ya barabara ya Kigwena utaona mashada mekundu yamelundikwa, mapipa yanachemka, na mashine za mkono za kukamulia zinazotoa mafuta mazito ya rangi ya machungwa. Sehemu huliwa majumbani. Sehemu huenda Bujumbura kuwa sabuni, na Savonor ni jina linalojulikana katika biashara hiyo. Sukari nayo ipo nchini: kiwanda cha SOSUMO kule Moso, mashariki, kiliundwa mwaka 1982, ingawa sukari yake mara nyingi haitoshi na huadimika madukani. Mafuta na sukari, viungo viwili vikubwa vya pipi ya kuvutika, vyote vinazalishwa ndani ya nchi ndogo hii. Kinachorudi kwenye boksi la mchuuzi kimetengenezwa kwa mafuta ya mtu mwingine.

Wrigley alitoka kwenye sabuni akaingia kwenye vitafunwa. Rumonge ina mafuta ya sabuni tayari, na si ndoto ya mchana kufikiri kwamba siku moja mtu wa hapa atafanya safari ile ile. Vikwazo vyake vitakuwa vya kawaida: umeme, sukari ya bei thabiti, mashine ya kuvuta, na fedha za kigeni za kununulia karatasi. Jina halitamsumbua sana. Ataweza kuketi na jamaa zake usiku kucha wakichagua, aandike kwenye karatasi Tanganyika, au Imbo, au jina la binti yake kama Hirschfeld. Asubuhi mzigo utafunguliwa dukani mbele ya watoto wa Kigwena, na wao wataamua. Kikiwa cha kumung'unya, wataita bombo au pipi, kutegemea wazazi wao walikulia wapi. Kikiwa cha kutafuna na kutema, hapana shaka wataita shikareti, na mwenye kiwanda atakuwa mjanja akiandika neno hilo kwa herufi kubwa juu ya boksi kabla mshindani wake hajaliona.